Émile Asukulu, Aliyefia Kisembe ya Pili

Mchungaji Nathanaël, mama yetu Dorothea, shemeji Bibiche, watoto wetu Orpa, Lévi na Shalom, ndugu mliofika tangu jana kutoka Fort Worth na Dallas, majirani wa Gulfton, wafanyakazi wenzetu wa Stafford, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi naitwa Godefroid, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wazee waliniomba niandike ukurasa mmoja tu, na kwenye sehemu ya kifo niweke "alifariki kwa ajali baharini" halafu niendelee, lakini karatasi nilizoshika ni nne na nitazisoma zote, kwa hiyo mnivumilie, na mwenye mtoto mdogo akae karibu na mlango.

Émile Asukulu Wilondja alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 katika kijiji cha Kisembe, upande wa Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Wilondja Alimasi, mvuvi, na Mama Dorothea. Alianza shule ya msingi hapohapo Kisembe mwezi wa tisa mwaka 1985, akamaliza 1991, kisha akaendelea na sekondari Baraka, ambako alikuwa mwanafunzi wa katikati, wala si wa kwanza kama alivyowasimulia watoto wake, na vyeti vyake Mama anavyo, anayebisha akaviangalie. Likizo zote alizitumia ziwani na baba, akijifunza kutega, kuparua na kukausha, na samaki aliyempenda kuliko wote alikuwa mgebuka, na jina hilo alikuja kumpa kila samaki mwembamba wa fedha aliyemvua huku Texas, hata alipoambiwa mara mia kwamba huyu ana jina lake.

Vita vilimkuta akiwa na miaka kumi na saba. Tuliondoka Kisembe tarehe 25 Oktoba 1996, Mama, Émile na mimi, baba akabaki siku mbili ili kuficha nyavu na kufunga nyumba, akasema atatukuta ng'ambo, hakutukuta, na hadi leo hatujui alifia wapi, siku gani, wala nani alimfukia, kama alifukiwa. Jambo hilo kaka yangu alitembea nalo miaka ishirini na tisa, na kila lilipofika tangazo la msiba kwenye simu alitafuta kwanza mahali, na lisipotaja mahali alikasirika kana kwamba aliyeliandika amemtukana, akisema, "Mtu hafii hewani, waandike ni wapi." Ndiyo maana leo nitataja mahali.

Tulipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, mwezi Desemba mwaka 1996, na hapo Émile aliishi miaka karibu kumi na saba, akitengeneza baiskeli chini ya turubai, kazi aliyojifundisha mwenyewe kwa kuziharibu za wenzake kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ndipo tulipopata habari kwamba Kisembe yetu ilikuwa imeteketea yote, na kwamba waliorudi wamejenga kilomita mbili kusini, ng'ambo ya mto, na wakaendelea kuiita Kisembe, jina likavuka mto pamoja na watu. Kwetu sisi hilo halikuwa jambo la ajabu, hakuna aliyeuliza ni Kisembe ipi, wakati mahali pamechomwa watu hawaachi jina lichomeke nalo, na naomba mlishike hilo kwa sababu mbele kidogo litatufika.

Tarehe 14 Agosti 2004, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bibiche katika kanisa letu pale kambini, na Mungu akawajalia watoto watatu, Orpa aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2006, Lévi aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2011, wote wawili Nyarugusu, na Shalom aliyezaliwa hapa Houston tarehe 9 Novemba 2016. Alikuwa baba mwenye kelele nyingi na kiboko hakuna, anayeimba kwaya kwa sauti isiyofanana na ya mtu yeyote aliyesimama karibu naye, na wanakwaya wapo hapa, wanatikisa vichwa, wanajua ninasema nini.

Yeye na familia walitua Fort Worth tarehe 18 Septemba 2013, akapata kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama, akashindwa mtihani wa udereva mara tatu na kuupita mara ya nne, na mwezi Juni 2015 akahamia Houston, katika nyumba za kupanga za Gulfton ambako wengi wetu tunaishi, kwa sababu moja tu, kwamba mtu alimwambia kuna bahari mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo. Aliajiriwa katika ghala la vipuri vya viyoyozi huko Stafford, akapanda hadi kuwa dereva wa forklifti, na mimi nilipofika mwaka 2016 alinitafutia kazi katika ghala hilohilo, akanifundisha kupanga katoni, akanifundisha kutokusinzia, na hilo la pili sikulijua vizuri.

Mwaka 2019 alinunua mashua ya futi ishirini na mbili, kuukuu, yenye injini moja, na kuanzia hapo majira ya joto yote yalikuwa ya bahari. Wasiowahi kwenda niwaeleze kidogo. Ukitoka kwenye mdomo wa Freeport ukaenda maili kadhaa ndani, unakuta majukwaa ya mafuta, machuma marefu yenye miguu, mengine bado yanafanya kazi na mengine yameachwa, hakuna mtu juu yake, yanakula kutu tu. Chini ya maji ile miguu imeota kome na magugu, samaki wadogo wanajificha humo, wakubwa wanawafuata, na ifikapo Juni hadi Agosti, maji safi ya kijani yanaposogea karibu na nchi kavu, pale pamejaa. Hutii nanga, unakaribia upande ambao mkondo unakusukuma mbali na chuma, mmoja anashika usukani, mwingine anasimama mbele na fimbo ya alumini iliyopinda kichwani kama mpini wa mwavuli, ananasa bomba la jukwaa, mnafunga kamba, mnavua. Kunasa na kunasua ni kazi ya watu wawili. Émile alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyenifundisha.

Majukwaa hayo serikali imeyapa namba na herufi, ndefu, ambazo sisi hazikutukaa kinywani, kwa hiyo Émile aliyapa majina ya kwetu, moja Baraka, moja Mboko, na lile lililotupa samaki kuliko mengine akaliita Kisembe. Samaki wa Kisembe wengi mmewala. Siku za Jumamosi alikuwa anapanda ngazi za majengo yetu na ndoo mbili, anagonga mlango kwa mlango, bila kuuliza kama mnataka, na ukisema friza imejaa alikuwa anakuambia uipike sasa hivi.

Mwaka 2023 Orpa, ambaye baadaye alianza masomo ya uuguzi na ambaye tangu mtoto ni mtu wa kuweka mambo sawa, alichoka na kumsubiri baba yake bila kujua yuko wapi, akakaa naye mezani akiwa na kile chombo chake cha kuonyesha mahali baharini, akaandika kila jina na namba zake za ramani kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji, akamwambia, "Baba, every time, kabla hujaondoka unani-text jina. Jina tu. I'll know." Na Émile, ambaye hakumtii mwalimu wala bosi, alimtii binti yake, hakuna hata siku moja aliyoacha kutuma lile jina.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 kampuni yenye lile jukwaa la Kisembe ililikata na kuliondoa, kama wanavyoyaondoa mengi sasa. Sisi hatukuambiwa, nani angetuambia. Tulikwenda mara ya kwanza tarehe 17 Mei, yeye na mimi, tukafika kwenye namba zetu tukakuta maji matupu, Émile akazima injini, akavua kofia. Kisha tukaendesha maili kumi na moja kuelekea kusini-magharibi hadi jukwaa jingine ambalo hatukuwahi kulifunga kamba, tukavua kuliko siku zote, na ni mimi, si yeye, mimi Godefroid niliyesema, "Yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "basi hii ndiyo Kisembe." Alicheka akasema ndiyo, imevuka mto. Kuanzia siku ile tuliiita hivyo, safari zetu zote tano, na hakuna kati yetu aliyefikiri kumwambia Orpa, wala kubadilisha namba kwenye friji, kwa sababu vichwani mwetu hakuna kitu kilichobadilika, tulikuwa tunakwenda Kisembe kama kawaida.

Sasa naingia sehemu ambayo wazee waliomba niiruke. Sitairuka.

Ijumaa tarehe 11 Julai nilimtumia Émile ujumbe wa sauti, nikikwaruza koo kwa makusudi, nikamwambia nina homa, kesho sitaweza kwenda naye baharini. Sikuwa na homa. Msimamizi alikuwa amenipa zamu ya Jumamosi, niliitaka, na nilimwogopa kaka yangu, maana alikuwa ameisubiri safari hiyo juma zima. Alinijibu kwamba Bibiche ataniletea uji, nipumzike, atakwenda peke yake na kurudi mapema. Ningeweza kumwambia asiende peke yake. Sikumwambia, kwa sababu ningemwambia hivyo angekuja kuniangalia kwanza.

Jumamosi tarehe 12 Julai, saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, kabla hajaondoka gatini, alimtumia Orpa neno moja, "Kisembe." Kiasi cha saa saba kasorobo mchana ngurumo ilimkuta pale jukwaani, upepo ukageuka, mashua ikaanza kusukumwa kwenye chuma, akaacha usukani akaenda mbele kunasua fimbo peke yake, wimbi likainua mashua, na mguu wake wa kulia ukabanwa kati ya ukingo na bomba. Alianguka majini, mashua ikakatika kamba ikaenda, yeye akajivuta hadi kwenye kijukwaa cha chini ambapo vyombo hufungwa, akapanda, akalifunga paja kwa shati na kipande cha kamba. Haya tumeyajua kutokana na alivyokutwa, na mashua ilivyokutwa siku ya pili yake.

Simu yake ilikuwa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, na pale mtandao hushika kwa kubahatisha. Saa saba na dakika nne alinipigia mimi, mara tatu mfululizo, maana mimi peke yangu nilikuwa naijua ile Kisembe. Sheria ya ghala ni simu ibaki kabatini, na yangu ilikuwa kabatini. Msiulize kwa nini hakuwapigia waokoaji moja kwa moja, kila mtu aliyeketi hapa anajua kwa nini, jambo likikukuta unampigia ndugu, ndugu ndiye anayewapigia wengine, ndivyo tulivyokaa miaka yote. Saa saba na dakika kumi na moja alimpata Bibiche, akamwambia, "Niko Kisembe, mguu umevunjika, damu ni mingi, waambie wakuje mbio," halafu simu ikakatika na haikupatikana tena.

Orpa aliwapigia walinzi wa pwani dakika tatu baadaye, akasimama mbele ya friji, akawasomea zile namba bila kukosea hata moja, akazirudia walipomwambia arudie. Saa nane na dakika tano helikopta ilikuwa juu ya yale maji matupu. Hawakuona jukwaa wala mtu, wakadhani amechukuliwa na mkondo, wakaanza kutafuta wakifuata mkondo, kuelekea kaskazini-mashariki, na kila dakika waliyotafuta kwa bidii walizidi kuwa mbali naye. Bibiche alinipigia, Orpa alinipigia, na kwa kuwa walijua mimi ni mgonjwa nimelala, walimtuma jirani akagonge mlango wangu, akagonga hadi mkono ukavimba, wakafikiri homa imenizidi, wakaita mtu wa kufungua mlango, wakakuta kitanda kimetandikwa. Hakuna aliyefikiri kupiga simu ghalani. Kwa nini wangefikiri hivyo?

Saa tisa tulipewa mapumziko ya dakika kumi na tano. Nilifungua kabati kuchukua chakula, simu ilikuwa imelala kifudifudi chini ya koti langu, nikaisikia inatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, na nikajua, au nilijiambia najua, kwamba ni Émile, amerudi, amekuja yeye na uji wa Bibiche, amekuta sipo, anataka kunitukana. Niliona aibu. Nilichukua mkate, nikafunga kabati, nikaenda kulala juu ya katoni.

Nilipotoka saa kumi na moja na nusu jioni nilikuta simu tatu za Émile, kumi na mbili za Bibiche na ishirini na sita za Orpa. Nilimpigia Orpa, akaniambia maneno mawili matatu, na saa kumi na moja na dakika thelathini na nane niliwapa walinzi wa pwani mahali pa kweli. Saa kumi na mbili na dakika mbili walimkuta. Alikuwa ameketi ameegemea bomba, kamba bado iko pajani. Daktari aliyeuchunguza mwili aliandika kwamba alifariki karibu saa kumi na moja jioni kwa kupoteza damu, na Faustine, dada yetu Mtanzania wa Pearland anayefanya kazi ya uuguzi, aliyetusomea taarifa ile neno kwa neno, nilimuuliza kama angefikiwa saa nane angepona. Akasema, "Shemeji, alijifunga vizuri. Saa nane, ndiyo. Hata saa tisa na nusu." Nilitaka kulijua, na sasa ninalijua.

Kwa hiyo mahali ni hapa. Émile Asukulu Wilondja alifariki Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, kwenye kijukwaa cha chini cha jukwaa la mafuta lililo maili nane na nusu kusini mwa mdomo wa Freeport, Texas, ambalo yeye na mimi tuliliita Kisembe. Namba zake zote nimeziandika nyuma ya karatasi hii, na nitampa Mama aziweke.

Tangu siku ile maneno yamezunguka Gulfton, nimeyasikia kwenye ngazi, kwenye sehemu ya kufulia, na jirani mmoja amenitumia kwenye simu, kwamba mtoto alitoa namba za uongo, kwamba mtoto aliwapeleka waokoaji pasipo na kitu, kwamba haya ndiyo mambo ya watoto wa siku hizi na karatasi zao. Orpa ameacha masomo, hali chakula, ameitoa ile karatasi kwenye friji akaichana, na alimwambia mama yake, "I sent them to nothing, Mama. I sent them to water." Alhamisi usiku nilimweleza Bibiche kila kitu, homa ya uongo, kabati, katoni, nikitegemea atanifukuza. Hakunifukuza. Kuhusu Orpa aliniambia, "Umusomee mbele ya watu, sababu ni mbele ya watu wamemusema."

Basi nimesoma. Ninyi mliosema, mmesikia, na nawaomba mkitoka hapa mwende mkaliseme hili nalo, kwa sauti ileile, kwenye ngazi zilezile.

Kwa niaba ya familia nawashukuru walinzi wa pwani waliofanya kila walichoelekezwa na kumleta ndugu yetu kwa heshima, daktari aliyeandika taarifa bila kuficha, dada Faustine aliyetusomea, Mchungaji Nathanaël na waumini waliokesha nasi siku kumi na nne, majirani mliopika, wafanyakazi wa ghala la Stafford mliomwachia forklifti yake siku nzima bila kuiendesha, na ndugu wa Fort Worth na Dallas mlioacha kazi mkaja. Siwezi kuwataja wote, na nisiyemtaja asinune, hii si siku yake.

Na wa mwisho ninayemshukuru ni Orpa, binti wa marehemu, ambaye siku ile alisimama mbele ya ile friji na kufanya kila alichoagizwa na baba yake.

Yaya Émile, ulitaja mahali ulipokuwa, na mtoto wako aliyataja maneno yako kama ulivyoyasema. Mwongo nilikuwa mimi, na nimelisema hapa ulipo, ukiwa huwezi tena kunijibu. Pumzika, yaya, kwa amani ambayo mimi sitajiombea kwa sasa.